Fungate Kisiwani: Unguja, Pemba au Mafia?

Wazee wa pwani walikuwa na hekima yao kuhusu siku za kwanza za ndoa. Waliziita fungate, yaani siku saba ambazo bwana na bibi arusi walikaa ndani, wakapikiwa, wakatandikiwa, wakaachwa wazoeane. Hakuna aliyewatuma dukani, na hakuna aliyewauliza habari za shamba. Hata Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati 24:5, ilimpa mume mpya mwaka mzima bila vita wala shughuli za watu, ili akae nyumbani na kumfurahisha mkewe.

Akina mama wenzangu, sisi tumefanya nini na hekima hiyo? Tunakaa vikao vya harusi miezi minne. Tunapanga ukumbi, keki, mapambo, mpiga picha na sare za kamati. Mwisho wa yote maharusi wanabaki na deni, miguu iliyovimba na nyumba iliyojaa wageni ambao hawajaondoka. Jumatatu ya pili mmoja amerudi kazini. Katika kazi yangu ya uuguzi nimewapokea mabibi arusi wa wiki moja wanaolalamika kichwa na kukosa usingizi, na nilipowapima sikuona ugonjwa. Walichohitaji ni kupumzika.

Ndiyo maana nataka tuzungumze juu ya fungate ya kusafiri. Si lazima iwe Ulaya, wala Shelisheli au Mauritius. Mungu ametupa visiwa vyetu wenyewe katika Bahari ya Hindi, na watu wanavuka dunia kuja kuviona. Swali ni kisiwa kipi kinawafaa wawili hawa, maana kila kimoja kina tabia yake.

WAULIZE WENYEWE KWANZA

Kabla ya kutaja kisiwa, mama wa bibi arusi au shangazi awaulize maharusi swali moja: kupumzika kwenu ni nini? Utashangaa kusikia majibu mawili tofauti. Kuna mtu anayeona raha kulala chini ya mnazi na kitabu tangu asubuhi hadi jioni. Mwingine akikaa saa mbili bila kazi anaanza kuumwa. Wakioana hao wawili, na mara nyingi huoana, fungate yao itakuwa na mvutano tangu siku ya pili wasipopanga mapema.

Ushauri wangu ni kugawa siku. Asubuhi, jua likiwa bado la upole, wafanye jambo pamoja: kuogelea, kutembea msituni, kupanda ngalawa au kuendesha baiskeli. Mchana wapumzike, kila mtu kwa namna yake. Jioni watembee ufukweni bila ratiba. Shughuli moja kwa siku inatosha.

UNGUJA: KISIWA CHENYE KILA KITU

Unguja ndiyo rahisi kufika. Boti za mwendo kasi kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili, na ndege ndogo huchukua dakika ishirini hivi. Nyumba za kulala wageni zipo za kila kiwango, hivyo hata wenye kipato kidogo wanaweza kupata mahali safi.

Ningewashauri maharusi waanze na usiku mmoja au miwili Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Vichochoro vyake ni vyembamba, milango ni ya nakshi, na ukipotea utatokea tu baharini. Jioni nendeni Forodhani mkale urojo, mishikaki na juisi ya miwa. Msiache kufika Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini. Limejengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo huo. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia na aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, amezikwa humo humo. Watu wawili wanaoanza maisha kwa hiari yao watasimama mahali ambapo wengine walitenganishwa na wake zao, waume zao na watoto wao. Mahali hapo panamfanya mtu aitazame pete yake upya.

Kisha wachague pwani, na hapa ndipo wengi hukosa habari. Kaskazini, upande wa Nungwi na Kendwa, bahari haikauki sana, kwa hiyo mnaweza kuogelea karibu saa zote. Nungwi pia ni mji wa mafundi wa majahazi, na mtawaona wakichonga mbao kwa shoka na tezo. Ila kaskazini kuna muziki na watu wengi. Mashariki, yaani Paje, Jambiani, Bwejuu na Matemwe, ni kimya zaidi, na mchanga wake ni mweupe kama unga. Lakini huko maji yakipwa huondoka mbali sana, na mnabaki mkitazama uwanda wa mchanga na mawe. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Kati ya hizo huja maji mafu, na tofauti inakuwa ndogo. Kwa hiyo wenye hamu ya kuogelea watazame kalenda ya mwezi kabla ya kulipia chumba.

Hata hivyo, maji yakipwa huko mashariki kuna somo zuri. Mtawaona akina mama wakiingia baharini na vigingi na kamba kulima mwani, kilimo cha biashara kilichoanza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuwapa wanawake wengi fedha ya mkononi. Waamkieni kwa adabu. Msiwapige picha bila ruhusa.

Kwa wanaopenda shughuli, Paje ni mahali pa kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara kubwa. Msitu wa Jozani una kima punju, ambaye hapatikani porini popote duniani ila Zanzibar. Kisiwa cha Changuu kina kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli. Chumbe ina matumbawe yaliyohifadhiwa vizuri tangu miaka ya 1990. Kizimkazi kuna pomboo, na pia kuna msikiti wa kale wenye maandishi ya mwaka 1107. Mkienda kuwaona pomboo, mwambieni nahodha asiwakimbize wala kuwazingira. Mnyama anayefukuzwa hana raha, na nanyi hamtakuwa nayo.

PEMBA: KIJANI NA KIMYA

Pemba iko kaskazini ya Unguja, kama kilomita hamsini. Mnafika kwa ndege ndogo au kwa meli inayotia nanga Mkoani. Si kisiwa cha wenye haraka. Ni vilima vya kijani, mabonde ya mpunga na mikarafuu. Wakati wa mavuno karafuu huanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, na harufu yake huingia hadi ndani ya gari.

Pemba inawafaa maharusi wasiopenda makundi na wanaoweza kujifurahisha bila kuburudishwa na mtu. Hoteli ni chache na fukwe nyingine zinafikiwa kwa njia mbaya, lakini mkifika Vumawimbi huenda mkawa peke yenu na wavuvi wawili. Karibu yake kuna msitu wa asili wa Ngezi, wenye miti mikubwa na popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapatikani kisiwa kingine chochote. Kisiwa kidogo cha Misali, magharibi ya Chake Chake, kina matumbawe mazuri ya kutazama kwa miwani ya maji na mrija wa kupumulia. Kwa wazamiaji hodari wa mtungi wa hewa, mkondo wa Pemba una kina kirefu na kuta za matumbawe zinazosifiwa. Lakini mikondo yake ina nguvu. Si mahali pa mtu kujifunzia kuzamia.

MAFIA: KWA WANAOPENDA BAHARI

Watu wengi wanaijua Mafia kwa jina tu. Iko kusini ya Dar es Salaam, mkabala na delta ya Rufiji. Ndege ndogo huchukua kama nusu saa, na boti hutoka Nyamisati, Mkoa wa Pwani, hadi Kilindoni. Upande wa mashariki na kusini ya kisiwa kuna Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, hifadhi ya kwanza ya aina hiyo nchini, iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1990. Mgeni hulipa kiingilio, na raia hulipa pungufu, kwa hiyo kitambulisho cha taifa kisibaki nyumbani.

Kuanzia Oktoba hadi karibu na Machi, papa potwe huja jirani na Kilindoni. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, mwenye madoa meupe mgongoni, naye hamdhuru mtu, maana chakula chake ni vijidudu vidogo vya majini. Unaweza kuogelea kando yake, ila hairuhusiwi kumshika. Katika ghuba ya Chole kuna matumbawe, na kwenye kisiwa cha Chole kuna magofu ya majengo ya wakati wa Wajerumani yaliyokumbatiwa na mizizi ya miti. Kisiwa cha Juani kina magofu ya mji wa kale wa Kua, na fukwe ambako kasa hutaga. Katikati ya mwaka, kama Juni hadi Septemba, mnaweza kubahatika kuwaona vitoto vya kasa vikitoka mchangani na kukimbilia maji.

Nitoe mfano mmoja. Binti wa ndugu yangu alipoolewa, upande wa bwana arusi ulitaka maharusi wapande gari siku ya pili waende mlimani kusalimia ukoo. Wazee walikuwa na haki yao, na bibi arusi hakutaka kuanza ndoa kwa kuonekana ana kiburi. Lakini alikuwa amechoka kiasi cha kulia bila sababu. Ilibidi mashangazi wa pande zote mbili tukae. Tuliwaambia wazee kwamba mkwe aliyepumzika atawaamkia kwa furaha, na mkwe mgonjwa atawaletea kazi. Wakakubali siku tano kwanza, ukoo baadaye.

Walikwenda Mafia. Bwana arusi, mtoto wa mlimani, hakujua kuogelea hata kidogo. Bibi arusi, aliyekulia Tanga, ndiye aliyemfundisha kuelea, kwenye maji ya kiunoni, akimshika chini ya mgongo. Siku ya papa potwe kijana alibaki botini amevaa jaketi la kujiokolea, akamtazama mkewe akiogelea. Alituambia baadaye kwamba hapo ndipo alipojua kuna mambo ambayo mke wake atamwongoza, na kwamba hilo halimpunguzii uanaume. Somo hilo angelijifunzia wapi kwenye sherehe ya watu mia tano?

PEPO NA MVUA

Chagueni mwezi kabla ya kuchagua hoteli. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni mvua nzito. Bei hushuka, lakini hoteli nyingine hufungwa na bahari huwa na matope. Juni hadi Septemba huvuma kusi: kuna baridi kidogo, jua zuri, ila pwani za mashariki na kusini zina mawimbi. Oktoba kwa kawaida bahari hutulia kabla ya vuli. Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, na joto ni kali. Tazameni pia mwezi wa Ramadhani. Si vibaya kwenda, lakini mchana migahawa mingi ya wenyeji hufungwa, na si adabu kula au kunywa barabarani mbele ya waliofunga.

NENO LA MUUGUZI

Hapa niruhusuni nivae sare yangu ya kazi.

Usafiri wa majini. Taifa letu halitasahau MV Spice Islander, iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, wala MV Skagit, iliyozama Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Mamia walipotea. Kwa hiyo: nunueni tiketi ofisini, si kwa mtu wa mlangoni. Chombo kikijaa kupita kiasi, shukeni hata kama mmekwisha kulipa. Mkikaa, ulizeni jaketi za kujiokolea ziko wapi. Anayetapika baharini ameze dawa ya kichefuchefu cha safari kama nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka, ale chakula chepesi, na akae katikati ya chombo akitazama mbali.

Malaria. Unguja na Pemba zimepunguza sana ugonjwa huu kuliko bara, lakini haujaisha. Mafia ni sehemu ya bara kwa jambo hili. Laleni ndani ya chandarua chenye dawa, na jioni vaeni mikono mirefu. Homa yoyote, hata wiki mbili baada ya kurudi, ipimwe. Wakumbuke hili hasa wanaotarajia kupata mtoto mapema, kwa sababu malaria kwa mwenye mimba changa ni hatari kubwa.

Jua na maji. Ngozi nyeusi nayo huungua. Wavae kofia, wanywe maji safi mara kwa mara, wabebe pakiti chache za ORS. Wavae viatu vya plastiki wanapotembea kwenye mawe, maana kuna viumbe vyeusi vyenye miiba mirefu kama ya nungu, na mwiba wake ukivunjikia mguuni unasumbua siku nyingi.

Kuzamia. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza. Mjamzito asizamie kwa mtungi. Na aliyezamia asipande ndege kabla ya saa ishirini na nne kupita.

Mambo ya chumbani. Mama, usimwachie binti yako ajifunze haya kwa wenzake. Wasichana wengi wapya katika ndoa hupata maambukizi ya njia ya mkojo katika siku za mwanzo: mkojo unachoma, unakuja kidogo kidogo, tumbo la chini linauma. Si aibu wala si dalili kwamba mume ana ugonjwa. Anywe maji mengi, aende haja ndogo baada ya tendo la ndoa, na dalili zikija aende kituo cha afya. Akipata homa au maumivu ya mgongo asisubiri kurudi nyumbani. Kuhusu uzazi wa mpango, wamwone mhudumu wa afya wote wawili kabla ya harusi. Na waambiwe wazi kwamba uchovu wa sherehe unaweza kuufanya usiku wa kwanza usiwe kama walivyousikia. Wasilaumiane. Siku saba ni nyingi.

HESHIMA KWA WENYEJI

Visiwa hivi wenyeji wake wengi ni Waislamu, nao ni wakarimu sana kwa mgeni mwenye adabu. Nguo ya kuogelea ni ya ufukweni. Mkitoka hapo kuingia kijijini, bibi arusi ajifunge kanga na bwana arusi avae shati. Kushikana mkono hakuna neno, ila kubusiana hadharani huwakwaza watu. Mkubwa apewe shikamoo yake. Na mnunue samaki, machungwa na kanga kwa wenyeji, ili safari yenu iwaachie nao kitu.

FEDHA ITATOKA WAPI?

Itatoka katika harusi yenyewe. Mama uliye kwenye kamati, omba fungate iandikwe katika bajeti tangu kikao cha kwanza, kabla ya mapambo. Punguzeni tabaka la keki. Punguzeni magari ya msafara. Marafiki wanaotaka kutoa zawadi waelekezwe huko: mmoja alipie boti, wawili walipie chumba cha usiku mmoja. Hakuna atakayekumbuka rangi ya vitambaa vya meza mwakani.

Nikihitimisha kwa kifupi: wanaosafiri mara ya kwanza na wanaopenda kila kitu kidogo kidogo waende Unguja. Wanaotaka ukimya na kijani waende Pemba. Wanaopenda bahari na viumbe vyake waende Mafia. Wenye siku nne wachague kisiwa kimoja tu, maana nusu ya fungate isiishie bandarini.

Na wewe mama uliyeolewa miaka ishirini iliyopita, ukaingia jikoni kesho yake, usidhani habari hii haikuhusu. Mimi na mume wangu tulikwenda Jambiani tukiwa na watoto wanne nyumbani, wakalala kwa bibi yao siku tatu. Siku ya kwanza tulizungumza habari za watoto tu. Siku ya pili tuliishiwa na habari za watoto, tukaanza kuzungumza habari zetu. Wekeni akiba kidogo kidogo, mwombe mama mkwe au dada yako akushikie nyumba, kisha mwulize mzee wako jioni ya leo, baada ya chakula: kupumzika kwako ni nini?